Tusiirudishe Forodha Forodhani

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa wakaazi wa Mji Mkongwe, Unguja. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa makachu, wale wa kujirusha baharini, mliokuja hapa moja kwa moja kutoka ukutani huku nguo zenu zingali na maji ya chumvi, nakushukuruni nyote kwa kuitikia mwito. Nimeombwa niseme juu ya bustani ya Forodhani, na nimekubali kwa furaha, kwa sababu nimesomesha historia miaka mingi katika skuli za mji huu, na kila nilipotaka kuwafahamisha wanafunzi kwamba historia si mambo ya vitabuni tu, nilikuwa nikiwachukua pale kwa miguu.

Nataka nianze na neno lenyewe. Tunalitamka kila siku. Tunapeana miadi, "tukutane Forodhani baada ya magharibi", wala hatujiulizi tunasema nini. Forodha ni kitu gani, ndugu zangu? Forodha ni pahala ambapo mwenye mali husimamishwa, mali yake ikahesabiwa, ikapimwa, ikatozwa ushuru, ndipo akaruhusiwa kupita. Asiyelipa hapiti. Hilo ndilo jina la bustani ambayo leo mtoto wa Michenzani huingia na kutoka bila ya kuulizwa na mtu yeyote ana shilingi ngapi mfukoni. Naomba mlishike neno hili, kwa sababu yote nitakayoyasema yanalizunguka.

Katika karne ya 19, ufukwe ule ulioko baina ya Ngome Kongwe na bahari ulikuwa na mabanda ya forodha na safu za mizinga. Mkataba uliofungwa na Wamarekani mwaka 1833, zama za Sayyid Said bin Sultan, uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoingia, na kwa miaka mingi kazi ya kuukusanya ushuru ilikodishwa kwa nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, ambayo ilimlipa Sayyid kiasi maalumu kila mwaka kisha ikajikusanyia yenyewe. Pale zilipita pembe za ndovu kutoka bara, karafuu za Unguja na Pemba, sandarusi ya Mrima, na zile nguo ambazo mpaka leo tunaziita merikani kwa kuwa zililetwa na merikebu za Wamarekani kutoka Salem.

Na walipita binadamu. Hili lazima lisemwe, na lisemwe kwa sauti ile ile niliyoyasemea mengine. Watu waliotekwa bara, wakateremshwa mpaka pwani na kupakiwa majahazini, walihesabiwa pale na kutozwa ushuru kwa kichwa, kama karafuu zilivyotozwa kwa frasila. Mama alikuwa na ushuru wake, na mtoto aliyemshika mkono alikuwa na wake. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, Sultani wetu, Sayyid Barghash, akiwa amebanwa na manowari za Waingereza, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Lakini kwa miongo kadhaa kabla ya hapo, hatua ya kwanza ya maelfu ya watu katika ardhi ya Unguja ilikuwa pale, na kitu cha kwanza walichofanyiwa ni kuhesabiwa.

Kila nikenda Forodhani usiku, nikasimama mbele ya meza ya mchuuzi wa pweza, taa zinawaka, moshi unapaa, watoto wanapita baina ya miguu ya watu, huyakumbuka hayo. Sitaki kumkatisha mtu hamu ya mishikaki yake. Nayakumbuka kwa sababu yananifahamisha thamani ya kile ninachokiona: umati mkubwa wa watu juu ya ardhi ile, na hapana anayewahesabu.

Jambo la pili, wazee wangu. Mji wetu tumezoea kuuita mji wa karafuu, mji wa mawe, mji wa milango. Ni kweli yote. Lakini tumesahau kwamba ulikuwa pia mji wa manowari, na kwamba bahari ile tunayoipungia upepo ilikuwa uwanja wa mizinga. Upande wa pili wa bustani barabara inaendelea kuelekea Malindi, na pahala pale panaitwa Mizingani. Je, mnadhani ni jina la bure?

Nitawasimulia kisa cha chombo kimoja. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuziangamiza merikebu za Sayyid Barghash zilizokuwa bandarini. Mwaka uliofuata ilikuja manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow. Sayyid akataka apate mfano wake, akaagiza Uingereza, na mwaka 1878 ikashushwa majini huko merikebu ya matanga na mvuke iliyopewa jina lile lile. Ilikuja, ikatia nanga mbele ya kasri, na kwa sababu Sayyid hakupendezwa nayo sana, ikabakia pale pale. Fikirini, ndugu zangu: miaka kumi na minane tangu kujengwa kwake, na sehemu kubwa ya umri huo imekaa tu mbele ya mji, watu wakiiona kila asubuhi kama tunavyoviona leo visiwa vya Changuu na Chapwani.

Halafu tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Binamu yake, Sayyid Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri na kujitangaza Sultani bila ya idhini ya Waingereza. Manowari zao zikapanga safu bandarini chini ya amri ya Admeri Rawson: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Khalid akapewa muda wa mwisho, saa tatu ya asubuhi ya Alkhamisi tarehe 27. Saa tatu ikafika. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza kulia.

Ndani ya dakika 38 hivi mambo yalikuwa yamekwisha. Vitabu vya dunia vinapenda kuiita ile vita fupi kuliko zote, na wageni hucheka wanapoisikia. Mimi sijawahi kucheka, na wanafunzi wangu sikuwaacha wacheke. Kwa upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha watu 500, na kwa upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kasri, iliteketea. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulivunjikavunjika. Na ile Glasgow, ambayo ilijaribu kujibu kwa mizinga yake midogo, ilitobolewa ikazama kwenye maji mafupi pale pale ilipotia nanga, mabaharia wake wakaopolewa na mashua za wale wale walioizamisha.

Lakini milingoti yake mitatu haikuzama. Ilibaki imesimama juu ya maji mbele ya mji, mwaka baada ya mwaka, mpaka 1912 wapiga mbizi walipopelekwa chini kuivunja. Miaka kumi na sita! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita alibaleghe huku akiiona milingoti ile kila alipogeuza uso baharini. Mimi huifikiria sana ile milingoti. Nadhani hapana kitu kilichowafunza watu wa zama zile ufukwe ule ulikuwa wa nani kuliko miti ile mitatu iliyochomoza majini.

Wala haikuwa mara ya mwisho. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa ikitengenezwa mitambo yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka mafichoni kwenye maingilio ya mto Rufiji, ikavuka usiku, na kulipopambazuka ikaanza kuipiga kutoka mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika. Mabaharia 38 walikufa, na chombo kikazama siku ile ile. Baadhi yao wamezikwa Chapwani, karibu na kaburi la Kapteni Brownrigg wa manowari London, aliyeuawa mwaka 1881 karibu na Pemba alipokuwa akilipekua jahazi lililopakia watumwa. Königsberg nayo ikaja kuzama Rufiji mwezi wa Julai mwaka 1915. Akenda mmoja wenu Mombasa, apite Ngome ya Yesu: mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg vimewekwa katika ua mmoja. Maadui wamekuwa majirani, na watoto wa skuli wanawapanda mgongoni wapigwe picha.

Sasa nawauliza. Katika visa vyote hivi, mwananchi wa kawaida alikuwa na nafasi gani kwenye ufukwe ule? Mpagazi alikuwa na nafasi ya kubeba. Mtumwa alikuwa na nafasi ya kuhesabiwa. Askari alikuwa na nafasi ya kufa. Mtu ambaye hakuwa na kazi pale, aliyetaka kukaa tu aangalie bahari, huyo hakuwa na nafasi.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta. Katika miaka ya 1920 bandari mpya ilijengwa Malindi, na shughuli za forodha zikahamia huko. Ufukwe mbele ya Ngome ukabaki wazi. Mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, pakatengenezwa bustani, ikaitwa Bustani ya Jubilii, na katikati yake pakajengwa jukwaa ambapo bendi ya Sultani ilikuwa ikiwapigia watu muziki. Jina la Jubilii limekufa. Watu walichagua kuendelea na jina la Forodhani, ingawa forodha yenyewe ilikuwa imeshaondoka, na mimi naona walichagua vyema, kwa sababu jina linatukumbusha palikuwaje kabla.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Alikuwa akifanya kazi kule Mizingani, na kila Ijumaa jioni alikuwa akinichukua Forodhani. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na bibi, kofia ya vito, viatu vya makubadhi. Alinunua kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo kisichokuwa na mkono, na mimi akaninunulia kashata. Kahawa ile aliinywa kwa muda wa saa nzima. Alikuwa akiinyanyua, akiinusa, akiirudisha juu ya goti. Siku moja nikamuuliza, "Babu, mbona humalizi?" Akaniambia, "Mjukuu wangu, kahawa nimeinunua, lakini kukaa ni kwangu." Sikumfahamu. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, nikadhani anazungumzia benchi.

Nilikuja kumfahamu nilipojua kwamba yeye alizaliwa wakati mabanda ya forodha yangalipo. Alipokuwa kijana alikuwa akipita pale kwa sababu ametumwa, na akisimama kidogo aliulizwa, "Wewe unataka nini hapa?" Kwake yeye, kukaa pale saa nzima bila ya kuulizwa hilo lilikuwa jambo la kuvaliwa kanzu iliyopigwa pasi.

Sisi Waswahili tunajua baraza ni nini. Baraza ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba, lakini mpita njia akichoka hukaa, na mwenye nyumba hamfukuzi. Pengine humtolea maji. Forodhani ni baraza ya mji mzima. Wenye nyumba kubwa zenye roshani zinazoelekea baharini wana bahari yao. Wenye hoteli wana mapaa yao. Mtu wa Kwahani, wa Kikwajuni, wa Mwembetanga, anayeishi chumba kimoja na watoto wanne, bahari yake ya jioni iko wapi? Ni pale. Khasa pale.

Bustani ile iliwahi kuchakaa, na wengi wenu mnakumbuka: taa zimekufa, ukuta umeliwa na mawimbi, maji machafu yanatuama. Mwaka 2008 ilifungwa, Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ikaifanyia matengenezo makubwa, na mwisho wa Julai 2009 ikafunguliwa tena. Nimesikia watu wakilaumu kwamba haikurudi kama ilivyokuwa. Mimi nasema ilirudi salama, na hilo katika mji wetu si dogo. Tunajua kinachotokea jengo likiachwa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ikastahamili mizinga ya 1896 ikiwa imesimama, iliporomoka upande wake mmoja mchana wa tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili. Mizinga ya manowari haikuiangusha, lakini uchakavu uliiweza.

Basi khofu yangu leo haihusu mawe. Khofu yangu ni kwamba bustani itabaki nzuri, yenye taa na majani yaliyokatwa vizuri, na forodha ikarudi ndani yake bila ya mtu kutangaza.

Nitawaeleza kilichonifika. Si zamani sana nilikwenda na dada yangu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali na daktari amemwambia apate hewa. Tukakaa kwenye benchi linalotazama bahari. Hatujamaliza robo saa, akaja kijana mmoja mwenye aproni, akainama kwa adabu, akasema, "Shikamoo mwalimu." Nilikuwa nimemsomesha. Nikamwitikia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Samahani sana mwalimu, hapa ni pa wateja." Nikamwangalia. Na yeye alikuwa akiangalia chini, kwenye vidole vya miguu yake. Dada yangu akajishika kwenye bega langu akasimama, akasema, "Twende kaka, tusimletee mtoto matatizo." Tukaondoka.

Simlaumu kijana yule. Ametumwa, naye ana watoto wa kulisha. Wala simlaumu mchuuzi yeyote. Wachuuzi ndio roho ya pale usiku: mwenye miwa anayeipitisha kwenye mashine mara tatu pamoja na ndimu na tangawizi mpaka haina tone, mwenye urojo anayejua bila kuambiwa nani anataka pilipili na nani hataki, yule anayeukunja unga wa pizza pembe nne juu ya chuma cha moto bila ya yai kumwagika. Bila wao pale pangekuwa na giza na upweke. Lakini meza moja ikisogezwa leo, na viti vinne kesho, na benchi moja likawa "la wateja", na keshokutwa mtu akaulizwa, "Wewe unataka nini hapa?", tutakuwa tumerudi wapi? Tutakuwa tumerudi forodhani kwenyewe, pahala ambapo asiyelipa hapiti.

Nanyi vijana wa makachu, hili linakuhusuni kuliko mnavyodhani. Naona mnavyokuja alasiri, mnavyochukua mbio kutoka kwenye majani, mnavyoruka juu ya ukuta mkapinduka hewani mara mbili huku watu wakipiga makofi, na ulimwengu mzima sasa unakuangalieni kwenye simu. Mmoja wenu nilimwona wiki iliyopita ameganda hewani mikono imefunguka, nikasema laa ilaha, huyu hatorudi, na akaingia majini kama msumari. Mnaruka juu ya maji yale yale ilikozama Glasgow. Jueni hivyo. Na jueni kwamba ukuta ule mkiuacha ukawekwa viti vya kukodishwa, mtakuwa hamna pa kuchukulia mbio. Nawaombeni pia jambo moja kama mzee wenu: maji yakiwa yamekupwa, msiruke. Chini kuna mawe, nayo hayajui nani ana wafuasi wengi.

Tunataka nini basi? Tunataka mabenchi yote yanayotazama bahari yawe ya kukaa tu, kwa mtu yeyote, saa yoyote, na iandikwe hivyo juu yake kwa Kiswahili kinachosomeka. Tunataka njia ya ukingoni mwa ukuta, kutoka lile lango jeupe lililojengwa mwaka 1956 kwa ajili ya ugeni wa Princess Margaret mpaka mwisho wa bustani, isiwekwe meza wala kiti. Tazameni lango lile, limejengwa kwa ajili ya mgeni mmoja mtukufu wa siku moja, na leo watoto ndio wanaolitumia kujitosa baharini. Hayo ndiyo matumizi ninayoyapenda. Tunataka miti inayokufa ipandwe mingine ya kivuli. Na wachuuzi wapewe sehemu yao inayofahamika, yenye maji safi na pahala pa kutupa taka, ili wasilazimike kuwinda nafasi kila jioni, kwa sababu mtu asiyekuwa na mpaka wake anaojulikana ndiye anayelazimika kuingia mpaka wa mwenziwe.

Haya hatuwezi kuyapeleka kwa wahusika mikono mitupu. Tukenda tukasema "mabenchi yanapungua", tutaulizwa yalikuwa mangapi, na hapana hata mmoja katika ukumbi huu anayejua. Kwa hivyo, wale watakaoweza, kesho baada ya sala ya alasiri tukutane pale kwenye jukwaa la bendi. Kila mtu aje na karatasi na kalamu. Wanafunzi watahesabu mabenchi, wataandika lipi linatazama bahari, lipi limezibwa na meza, lipi limevunjika. Wazee, nyinyi njooni na kumbukumbu zenu; mtu akikumbuka palikuwa na benchi ambapo sasa hapana, amwoneshe mtoto pahala penyewe, apige alama ya chaki. Dada yangu amesema na yeye atakuja. Nitamchukua mapema kidogo, tutakaa pale pale tulipoondoshwa, na mtatukuta.